Mdomo Kitale, Miguu Kabuchai

Vuta kiti ukae, wewe unayenisikiliza, kwa sababu jambo hili nitalieleza polepole, kama ninavyomweleza mteja kwa nini sketi ya mwaka jana imekataa kufunga. Mimi ni fundi wa nguo mjini Kitale. Nashona sare za shule kuliko kitu kingine chochote, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimepima viuno vya watu bila kumcheka hata mmoja. Kiuno changu mwenyewe sikuwa nakipima. Nguo zangu nilizikata kwa makisio, nikaziacha pana na kutia mpira. Mpira hauna maneno. Unavutika tu, mwaka baada ya mwaka, na wewe unaendelea kudhani uko vilevile.

Kwa mama yetu tulizaliwa wasichana wawili. Dada yangu ananizidi miaka tisa. Aliolewa Kabuchai, akazaa huko, akafiwa na mume huko, na sasa anaishi bomani kwake pamoja na mwanawe wa mwisho na mke wa huyo mwana. Ana ekari chache za miwa na kipande cha mahindi. Sote wawili ni wanene. Mama alikuwa mnene, na shangazi zetu pia, na watu walizoea kusema ni damu. Damu ina sehemu yake, sikatai. Lakini mimi nakumbuka vizuri mwaka nilioanza kunenepa kwa kasi: ni ule mwaka niliofunga mota kwenye cherehani yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga pedali tangu asubuhi hadi jioni. Mota ilipokuja, mguu mmoja tu ukabaki na kazi, nayo ni kubonyeza. Chakula changu hakikupungua hata kijiko.

Dada ana ugonjwa wa sukari, na anameza tembe zake kila siku bila kukosa. Miaka miwili iliyopita jicho lake la kulia lilianza kuingia ukungu, na la kushoto likafuata polepole. Ulipofika msimu wa kupalilia, aling'oa mahindi akaacha magugu, mstari mzima, hadi jirani aliyekuwa akipita akamwita. Aliponisimulia kwenye simu alijaribu kucheka, lakini nilisikia kicheko kimekwama. Mwanamke ambaye amelima tangu utotoni, kushindwa kutofautisha hindi na gugu ni kama kuambiwa hajui jina la mtoto wake.

Tukaenda hospitali ya macho mjini Bungoma. Wakasema ni mtoto wa jicho, kitu kinachotolewa kwa upasuaji mdogo, na wakampa siku. Siku hiyo ilikuwa mwezi wa pili, baada ya msongamano wa sare kupungua. Nilifika mapema kutoka Kitale nikamkuta amekwisha kuvaa gauni la kijani, na muuguzi amembandika plasta nyeupe juu ya jicho la kulia ili asije mtu akakosea jicho. Alikuwa na furaha kama anayesubiri kubatizwa. Kisha wakamtoboa kidole kupima sukari.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliangalia kimashine, akapima tena, kisha akavuta kiti akaketi mbele ya dada.

"Mama, leo hatutafanya."

"Kwa nini?"

"Sukari imepanda kupita kiasi tunachoruhusu. Tukipasua hivi, jicho linaweza kuingia usaha na kidonda kikatae kupona. Unaweza kupoteza hata hicho kidogo unachoona."

"Na dawa nameza."

"Najua unameza. Daktari ameangalia dawa zako, ni sawa, usiziache. Lakini dawa peke yake imechoka. Inataka kusaidiwa na chakula na mazoezi. Rudi mwezi wa nne. Ikishuka karibu nusu, tutafanya siku hiyo hiyo."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, lete kidole."

Sikuwa nimekuja kupimwa, lakini nilileta kidole. Akasema sina ugonjwa wa sukari bado, ila niko mpakani, na akanizungushia tepu kiunoni mbele ya watu. Inchi arobaini na sita. Nilijua kusoma tepu hiyo kuliko yeye, lakini nilimwomba arudie.

Tulitoka tukaketi kwenye kibanda cha chai karibu na hospitali. Dada bado alikuwa na ile plasta kwenye paji la uso.

"Hawajanibandua," akasema. "Niende nayo nyumbani waulize jicho liko wapi?"

Nikambandua. Tukanywa chai yetu bila sukari, tukikunja uso kama watoto waliopewa dawa ya minyoo.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo tulipokosea. Muuguzi alisema chakula na mazoezi. Sisi tulilelewa katika nyumba ambayo kazi hugawanywa. Mmoja akienda mtoni, mwingine anaenda kuokota kuni; mmoja akichimba shimo, mwingine anatia mbegu, na jioni shamba limepandwa. Hakuna aliyewahi kufanya vyote viwili. Kwa hiyo dada alipofikiri, alifikiri kama tulivyofundishwa.

"Mimi chakula siwezani nayo," akasema. "Napikiwa na mke wa mtoto. Nitamwambia nini? Lakini kutembea natembea, hata sasa hivi."

"Mimi kutembea siwezi," nikasema. "Kazi yangu ni kukaa. Lakini chakula najipikia mwenyewe."

"Basi si tumemaliza? Wewe shika mdomo huko Kitale, mimi nishike miguu huko Kabuchai. Tukikutana tutakuwa mtu mmoja mzima."

Tukacheka. Lakini tulipoagana hatukuwa tunatania tena. Kila mmoja alikwenda kwake kufanya nusu yake.

Nianze na nusu yangu. Niliacha mandazi ya saa nne, nikaacha soda, nikaacha chapati. Usiku nilikula kabichi iliyochemshwa, na mchana mara nyingi chai ya rangi tu. Wiki tatu za kwanza nguo zililegea, na nilijisifu sana kwenye simu. Wateja wakaanza kuniangalia kwa huruma. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare aliniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, ni nini? Umeisha." Huku kwetu ukikonda haraka, watu huanza kukuombea.

Mwezi uliofuata mambo yakasimama. Tepu ikagoma kwenye inchi arobaini na tano. Kilichokuwa kinaendelea kupungua ni mikono na mapaja. Nilihisi baridi saa zote. Duka langu liko ghorofa ya kwanza, na ngazi zile kumi na sita nilizipanda kwa awamu mbili. Nikawa mkali kwa wateja. Mwalimu mmoja alirudisha kaptula ifunguliwe mfuko, nikamjibu vibaya hadi leo naona haya. Na siku moja ya soko, kwa njaa, niliketi nikala sahani mbili za wali na chapati tatu nikiwa peke yangu, nikilia kidogo. Hilo sikumwambia dada.

Yeye naye kila jioni alinipigia simu. "Leo nimefika hadi barabara kubwa na kurudi." "Leo nimepita wakata miwa, wamenisalimia wote." "Leo jasho imetoka kama mvua, bana." Nilimwonea wivu. Sauti yake ilikuwa na nguvu, pumzi yake nzuri. Alisema halali mchana tena, na magoti hayamsumbui kama zamani. Nilikuwa na hakika kwamba kati yetu wawili yeye ndiye atakayepona.

Mwezi wa nne tukakutana Bungoma. Sukari yake ilikuwa imeshuka, lakini kidogo tu, kama mtu aliyeteremka ngazi moja akasimama. Muuguzi yule yule alitikisa kichwa.

"Bado, mama. Nakupa mwezi wa sita. Lakini jicho la kushoto nalo limeanza kufunga, kwa hiyo tusichelewe zaidi."

Dada alishika kona ya leso yake akaikunja na kuikunjua. Nilipomtazama niliona ameanza kugeuza kichwa kama kuku, akitafuta upande ambao bado unaona.

Muuguzi alituuliza kila mmoja alichofanya. Tulipomwambia tuligawana, hakucheka. Alifikiri, kisha akatueleza kwa mfano ambao nimeubeba hadi leo, na nitakueleza kwa maneno yangu.

Wewe unajua ghala la mahindi. Nyama za mwili, yaani misuli ya mapaja, ya makalio, ya mikono, ndilo ghala la sukari. Ukila, sukari huingia kwenye damu na kutafuta pa kwenda. Mtu akiwa mnene na anakaa sana, mlango wa ghala unakuwa mzito, sukari inabaki nje inazunguka kwenye damu. Akitembea, misuli inafanya kazi, mlango unafunguka na magunia yanaingia. Mimi nilikuwa nimepunguza magunia, lakini kwa kula kabichi tupu na kukaa kutwa nzima nilikuwa nabomoa ghala lenyewe. Mwili ulikuwa unakula nyama zake. Ndiyo sababu mikono ilipungua na tumbo likabaki. Dada alikuwa anafungua mlango kila jioni, lakini magunia nje yalikuwa hayapungui. Huenda hata yalikuwa yanaongezeka.

"Yanaongezeka kutoka wapi?" dada akauliza. "Sukari sitii kwa chai. Soda sijaonja. Hata ugali, nakula ya wimbi, si ya mahindi."

Muuguzi akaniangalia. "Nenda ukakae naye siku chache," akasema. "Mtu hawezi kuona sahani yake mwenyewe."

Ilikuwa likizo ya shule, kazi ya sare ilikuwa imelala. Nikafunga duka wiki moja nikaenda Kabuchai.

Jioni ya kwanza dada akanichukua kutembea. Nilimfuata nyuma nikihema, na yeye, na macho yake yale, ananiambia pa kukanyaga. Njia inapita katikati ya miwa, imejaa alama za matairi ya trekta. Tulipofika kwa wakata miwa, mmoja akanyoosha mgongo, akachagua muwa mnene, akaukata vipande na kuja nao barabarani.

"Mama, salamu. Hii ni yako. Na mgeni naye."

"Asante sana, baba," dada akasema. Akapokea, akamenya kwa meno, akaanza kutafuna huku akitembea, akitema makapi kando ya njia kwa ustadi. Pingili ya kwanza ikaisha. Akaanza ya pili.

Nikasimama.

"Dada, unakula nini?"

"Muwa."

"Kila siku?"

"Wakinipa. Na wananipa kila siku. Utakataa mkono wa mtu?"

"Muwa ni sukari, dada."

"Ati muwa ni sukari? Sukari inatoka kiwandani. Hii ni mti." Akatema. "Halafu hii ni ya njia, si ya mezani. Si natembea? Inaishia hapo hapo."

Usimcheke, tafadhali. Mtu aliyelima miwa maisha yake yote haoni sukari anapotazama muwa. Anaona shamba, anaona trekta, anaona ada ya shule. Sukari kwake ni kitu cheupe kilichofungwa kwenye karatasi dukani. Na ile hesabu kwamba kinacholiwa njiani kinaishia njiani, mimi mwenyewe niliwahi kuifanya kwa karanga.

Tulipofika nyumbani nikaona sehemu ya pili. Mke wa mwanawe, binti mpole ambaye hata akicheka hufunika mdomo, alileta maji ya kunawa, kisha chakula. Mboga za mrenda na kunde kwenye kibakuli kidogo, na mbele ya dada mlima wa ugali wa wimbi ambao ungewatosha watu watatu. Nilidhani ni wa sisi wote. Kisha akaniletea wangu.

Dada akala wote. Alipumzika katikati kama mtu anayepanda Mlima Elgon, kisha akaendelea.

Binti alipotoka nikauliza, "Huwezi kuacha nusu?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Nirudishe sahani na chakula? Mke wa mtoto aone nimemkataa?"

Hilo nililielewa, na ukiwa wa huku kwetu unalielewa pia. Mama mkwe hafunui sufuria ya mkaza mwana wake, wala hajipakulii. Anachoandaliwa anakula, na sahani tupu ndiyo asante yake. Sahani ikirudi na chakula, ni kama barua ya malalamiko. Dada mwenyewe aliolewa katika nyumba ambayo mama mkwe alirudisha sahani zake miaka miwili mfululizo, na aliapa hatamfanyia hivyo mtoto wa mtu.

Hata hivyo siku ya pili, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo namkodolea macho, alijaribu. Aliacha nusu. Binti aliiona sahani, akasimama nayo kidogo mlangoni, akaenda. Jioni ile chakula hakukileta yeye, alimtuma mumewe. Asubuhi alitusalimia akiangalia chini, na macho yalikuwa yamevimba.

"Unaona?" dada akaniambia. "Wewe na hiyo tepu yako. Umeniharibia nyumba."

"Umemwambia kwa nini hukupasuliwa?"

Akageuza kichwa, akatazama nje.

"Dada. Umewaambia nini hapa nyumbani?"

"Niliwaambia daktari hakuwako."

"Mara zote mbili?"

"Mara ya pili nilisema stima ilipotea."

Miezi yote hiyo binti yule alikuwa hajui kitu. Alijua tu kwamba mama ana sukari na anatembea kila jioni. Nikamwambia dada kwamba jicho lake haliko tena mikononi mwa daktari wala mikononi mwangu. Liko jikoni kwa huyu binti, na yeye hajaambiwa. Kuomba msaada kwa mtu uliyezoea kumtuma si jambo dogo. Lakini dada akamwita.

Binti akaja akakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Dada akamwambia yote: gauni, plasta, kidole, mwezi wa nne, jicho la kushoto.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ungeona nasema unaniua na chakula."

Binti akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Mimi nilikuwa naongeza kwa sababu unatembea. Nilisema mama siku hizi anafanya kazi, na mtu wa kazi lazima ashibe. Na wimbi nilisikia ni dawa ya sukari, ndio nikaacha unga nyeupe."

"Umefanya vizuri kubadilisha unga," nikamwambia, "lakini wimbi pia ni ugali. Ni afadhali kidogo, si dawa."

"Hata kama ni dawa," dada akasema, "nani hunywa dawa sufuria mzima?"

Hapo binti akacheka, akafunika mdomo, na mimi nikapumua. Dada akaendelea, na alichosema sikukitarajia kutoka kwake.

"Kuanzia leo wewe ndio unanipimia. Chakula kikifika mbele yangu, hicho ndicho. Ukiniona nanyoosha mkono kuongeza, uniambie, mama, imetosha."

"Mimi nikukataze chakula? Watu watasema nini?"

"Watasema naona."

Siku hiyo hiyo tulikaa jikoni, kwa mwaliko wa mwenye jiko, tukapanga sahani. Nusu yake mboga: mrenda, kunde, sukuma wiki, chochote kilichoko shambani. Robo yake maharagwe, dagaa wa omena au yai, maana mwili unahitaji cha kujengea misuli, na hicho ndicho nilichokuwa nimekosa mimi Kitale. Robo iliyobaki ugali. Binti akaugeuza ugali kwa kikombe cha chai badala ya bakuli, ukakaa hapo kama kofia ya mtoto. Dada akauangalia kwa jicho lililokuwa na nafuu.

"Huyu ni ugali ama ni kifaranga chake?"

"Mama, imetosha," binti akasema, kwa sauti ambayo haikusikika hadi mlangoni. Lakini alisema.

Kuhusu muwa, dada alikataa kabisa kukataa. Aliupokea kama kawaida, akashukuru, akautia kwapani na kuja nao hadi zizini. "Ng'ombe wangu atanona badala yangu," akasema. Wakata miwa hawakujua lolote, na heshima ikabaki. Mazoezi nayo tuliyasogeza. Badala ya kutembea mara moja jioni kabla ya kula, akawa anatembea kidogo baada ya chakula cha mchana na kidogo baada ya chakula cha jioni, ambacho sasa kililiwa mapema jua likiwa bado liko. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba wakati ule ndipo magunia yamejaa mlangoni, na kutembea dakika chache hapo kunafaa. Alikuwa amempangia dada pia siku za kwenda kupimwa sukari kwenye zahanati ya karibu, ili isije ikashuka kupita kiasi kwa sababu anakula kidogo na tembe anameza zilezile.

Mimi nikarudi Kitale kufanya nusu niliyoikwepa. Nilimwita fundi wa mashine nikamwambia afungue mota.

"Imeharibika?"

"Hapana. Ni nzima."

"Sasa?"

"Ifungue tu."

Akaifungua akiniangalia kwa wasiwasi. Wiki ya kwanza misuli ya miguu ilikaza hadi nikatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kukanyaga peke yake hakutoshi, nisikudanganye, kwa hiyo nikaongeza: kila baada ya kumaliza sare tatu, nateremka ngazi zote na kupanda tena. Na nikaanza kula: maharagwe, mayai, ugali wa kikombe. Nilishangaa kwamba nilikuwa nakula zaidi ya kipindi kile cha kabichi, na bado tepu ikaanza kusogea.

Si kwamba mambo yalikwenda sawa kila siku. Kulikuwa na harusi ya jirani ambapo dada alikula kama zamani, akanipigia simu akiwa amekasirika na nafsi yake. Kulikuwa na wiki nzima ya mvua kubwa ambapo njia ya miwa iligeuka matope, akashindwa kutoka, na binti akamtembeza ndani ya boma, kuzunguka nyumba, wakiwa wamejifunika gunia la plastiki. Nilimwambia dada asihesabu siku alizoanguka. Sindano ikiruka mishono mitatu, huchomi nguo. Unarudi pale iliporuka unashona tena.

Mwezi wa sita tukakutana Bungoma. Safari hii tulikuwa watatu. Binti alikuja naye, akiwa amemshika mama mkwe wake mkono kama aliyeshika yai. Dada akavaa gauni. Wakambandika plasta. Muuguzi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu, na tukasubiri zile sekunde chache ambazo ni ndefu kuliko ibada. Binti alikuwa anaomba midomo ikitikisika. Mimi nilikuwa nimeshika tepu mfukoni bila sababu.

Muuguzi akasoma. Akapima tena, na moyo wangu ukaanguka, kwa sababu mara ya kwanza pia alipima mara mbili. Kisha akakiweka kimashine mezani.

"Mama," akasema, "ingia. Daktari anakungoja."

Dada hakusimama mara moja. Alimtafuta binti kwa mkono, akampata bega.

"Umesikia?" akamwambia. "Imetosha."

Kesho yake walimfungua kitambaa cha jicho. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa uso wangu, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Kumbe wewe nawe umezeeka hivi." Kisha akamgeukia mkaza mwana wake, akamwangalia kwa muda mrefu bila utani wowote, kama mtu anayekutana na mtu kwa mara ya kwanza.

Sitaki uondoke ukidhani tumekuwa wembamba. Hatujawa. Dada bado anajaza kiti, na mimi tepu inaniambia inchi arobaini na tatu, ambayo bado ni nyingi. Lakini ngazi zangu nazipanda kwa awamu moja, na muuguzi anasema nimerudi nyuma kidogo kutoka mpakani. Dada ameahidiwa jicho la kushoto, mradi sukari ikae pale ilipo. Kwa hiyo hatujamaliza. Kila siku kuna sahani, na kila siku kuna njia, na hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake hata nusu moja. Hilo ndilo lililotuchukua miezi minne kujifunza, na wewe umelipata ukiwa umeketi.

Sasa fanya hivi. Ikiwa unatumia dawa za sukari, endelea nazo, na mwambie anayekutibu unachotaka kuanza. Ikiwa kuna mtu anayekupikia, mweleze leo, kwa ukweli wote. Kisha jioni pakua mara moja tu: nusu ya sahani mboga, robo maharagwe au yai au samaki, robo ugali. Ukimaliza kula, usihamie kiti kingine. Vaa viatu, toka nje, tembea dakika kumi na tano, urudi.